Sijawahi kumwona mtaalamu wa afya ya akili: nianzie wapi, niseme nini?

Wapendwa washauri,

Habari za kazi. Nina miaka 36, nimeoa na nina watoto wawili. Kwa miezi minne sasa sipo sawa. Naamka saa tisa usiku, moyo unakwenda mbio, na usingizi haurudi tena. Kazini nasoma karatasi moja mara tatu bila kuelewa. Mpira niliokuwa naupenda siutazami. Watoto wakinisemesha nawajibu kwa mkato, kisha najilaumu. Nimekonda.

Nilikwenda zahanati nikasema kichwa kinauma na moyo unadunda. Nikapimwa presha, ikawa nzuri, nikapewa dawa za maumivu. Hazikusaidia. Rafiki yangu akanigawia vidonge vyake vya diazepam, vya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi. Sasa navinywa karibu kila usiku, usiku mwingine nashushia na bia mbili tatu, lakini havinisaidii kama mwanzo.

Mke wangu ananisihi nikamwone mtaalamu wa afya ya akili. Mama anasema niongeze sala. Mimi naogopa. Nitalazwa? Kazini watajua? Nitapewa dawa za kunisinzisha mchana kutwa, nisizoweza kuziacha? Na hata nikikubali, sijui nimtafute nani, wala nikishakaa mbele yake nianze na lipi.

Samahani kwa kuwachosha. Wakati mwingine natamani nilale nisiamke, lakini si kwamba nataka kufanya chochote.

Msomaji wenu

JIBU

Ndugu yetu,

Tunaanzia pale ulipomalizia. Umeandika kwamba wakati mwingine unatamani ulale usiamke, tena umeliandika baada ya kuomba samahani, kama neno la nyongeza. Kwetu hilo ndilo neno la kwanza la barua nzima, na kwa daktari liwe hivyo hivyo.

Kuna kutamani usiamke, na kuna kufikiria namna ya kujiua. Yote mawili huchukuliwa kwa uzito, ila haraka yake si moja. Jiulize na ujijibu kwa ukweli: umeshafikiria utafanyaje? Hicho cha kufanyia kipo karibu? Umeshaweka siku? Umewahi kujaribu huko nyuma? Jibu likiwa ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo, suala la miadi liache kwanza. Nenda leo kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, usiende peke yako, na mapokezini useme, "Nina mawazo ya kujiua." Usizunguke kwa kusema kichwa kinauma, maana kauli hiyo ndiyo inayoamua utaonwa saa ngapi.

Majibu yakiwa hapana yote, bado kuna mambo mawili ya kufanya kabla ya usiku wa leo. Mwambie mkeo sentensi ile ile uliyotuandikia sisi. Kisha mkabidhi vidonge vyote vilivyomo nyumbani avitunze yeye, na kama mna sumu ya wadudu au silaha, itolewe humo ndani kwa muda. Mawazo ya kujiua hupanda na kushuka, na mara nyingi kilele chake ni kifupi. Katika muda huo mfupi, kitu cha kudhuru kikiwa mbali, mtu huvuka. Wala usiogope kwamba ukilitamka utalichochea. Kuulizwa habari ya kujiua hakumpandikizii mtu wazo hilo, na wengi hupata nafuu kidogo pale tu mwenzao anapojua.

Tuje kwenye zahanati. Dalili zako zinafanana na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu unaodumu. Sonona haionekani kwenye damu wala kwenye eksirei. Mtaalamu huitambua kwa kukusikiliza, kukuuliza na kukutazama. Ulisema kichwa na moyo, nao wakatibu kichwa na moyo. Hukudanganya, kwa sababu mwili unauma kweli, na wengi wenye sonona au wasiwasi uliopitiliza hufika kwa daktari wakilalamikia kichwa, mgongo, tumbo au mapigo ya moyo. Lakini ukiishia hapo, mhudumu mwenye dakika chache na foleni ndefu mlangoni hana pa kujulia kwamba karatasi huielewi tena na mpira huutaki. Kujiandaa tunakokueleza hapa ni kuhakikisha maneno yako yanafika yakiwa kamili, na yale mazito yakiwa juu.

Umeuliza umtafute nani. Kwa hali yako, anza na daktari wa kawaida. Huna haja ya kusubiri bingwa. Kuna magonjwa ya mwili yanayofanana sana na unayoyaeleza. Tezi ya thairoidi iliyopo shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, moyo huenda mbio, mtu hukonda na usingizi hupotea. Ikilegea, huja uchovu na huzuni. Upungufu wa damu na wa vitamini B12 nao huchosha na kufifisha akili. Vipimo vichache vya damu hutosha kuyaondoa mengi ya haya kwenye orodha. Dawa nazo zina yake: prednisolone (ya kupunguza uvimbe), mefloquine (ya malaria) na efavirenz (ya VVU) zinajulikana kuvuruga usingizi na hisia kwa baadhi ya watu, kwa hiyo taja kila dawa uliyotumia tangu kabla tatizo halijaanza, pamoja na za mitishamba. Tena usidhani unakwenda mahali pasipokuhusu. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao mhGAP, wa kuwafunza madaktari na wauguzi wasio mabingwa kutibu sonona na magonjwa mengine ya akili katika vituo vya kawaida vya afya.

Mapokezini sema hivi: "Naomba kumwona daktari kwa tatizo la usingizi na hisia, na ikiwezekana nipewe muda mrefu kidogo." Huwajibiki kumweleza zaidi aliyekaa pale. Ukipangiwa siku ya mbali, omba jina lako liingie kwenye orodha ya wanaopigiwa simu mgonjwa mwingine anapoahirisha.

Kutoka hapo unaweza kupewa rufaa. Bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyesomea zaidi eneo hilo. Huandika dawa na hushika hali ngumu. Mwanasaikolojia tiba hupima na kutibu kwa mazungumzo, na kwa kawaida haandiki dawa. Mnasihi, au mshauri nasaha, naye hutumia mazungumzo, hasa kwa msiba, ndoa na msongo wa mawazo. Hapa kwenye ushauri ndipo watu wengi huumia, kwa sababu sehemu nyingi jina "mshauri" halilindwi na sheria na yeyote anaweza kutundika kibao. Kabla hujalipa chochote, piga simu uulize: umesajiliwa na baraza au bodi gani, na namba yako ni ipi? Kwa tatizo kama langu unatumia tiba gani? Tutakutana mara ngapi hivi, na tutajuaje kama inafanya kazi? Nikizidiwa usiku nifanye nini? Nikikosa miadi, malipo yanakuwaje? Mtaalamu wa kweli hujibu hayo bila kununa. Mkimbie anayeahidi kukuponya kwa kikao kimoja, anayekuuzia dawa yake isiyo na jina, anayekwambia utupe dawa za hospitali, na yeyote anayeanza kukutaka kimapenzi.

Vidonge vya rafiki vinatutia wasiwasi kuliko unavyodhani. Diazepam hukaa mwilini siku kadhaa. Ukinywa kila usiku, ya jana haijaisha na ya leo inaingia, hivyo huenda sehemu ya ule uzito wa kazini, karatasi moja kusomwa mara tatu, ni dawa yenyewe. Mwili huizoea ndani ya wiki chache, ndiyo maana haikusaidii kama mwanzo. Ikichanganywa na pombe hupunguza kasi ya kupumua, na pombe humlegezea mtu breki za mawazo, jambo baya kwa mwenye fikra kama zako. Bia nayo hukulaza mapema, kisha ikikutoka mwilini usingizi hukatika nusu ya pili ya usiku. Saa tisa yako tunaielewa. Kwa hiyo kuchanganya na bia kukome leo. Lakini diazepam yenyewe, kama umeinywa karibu kila usiku kwa wiki kadhaa, usiikate ghafla, maana inaweza kuleta mtetemeko, kukosa usingizi kabisa, hata degedege. Mkeo akupe kiasi kile kile ulichozoea, kisizidi, mpaka umwone daktari ndani ya siku chache. Yeye atakupangia namna ya kuipunguza kidogo kidogo. Mwambie bila kuficha kwamba ulipewa na rafiki. Ameshasikia hayo mara nyingi, na anachohitaji ni ukubwa wa dozi na idadi ya wiki.

Sasa karatasi. Andika ukurasa mmoja tu, kwa sababu kurasa tano hazitasomwa. Kwa habari ulizotupa, wako ungeweza kuwa hivi:

Shida yangu: silali, sina hamu na chochote, na usiku mwingine natamani nisiamke. Sina mpango wa kujiua.
Ilianza: miezi minne iliyopita (andika: taratibu au ghafla?).
Kilichoharibika: kazini sielewi ninachosoma, nyumbani nawajibu watoto kwa mkato, nimeacha mpira.
Usingizi: nalala saa (andika), naamka saa tisa, haurudi.
Mwili: nimekonda, moyo unakwenda mbio, kichwa kinauma, presha ilipimwa, ni nzuri.
Dawa na pombe: diazepam ya rafiki, karibu kila usiku (andika miligramu na wiki), bia mbili tatu usiku mwingine, dawa za maumivu (andika majina).
Ukoo: (kuna aliyewahi kuugua akili, kuwa mlevi, kujiua?)
Nataka kujua: hii ni nini? Mna njia gani za kuitibu? Nirudi lini?

Tazama neno zito lilivyokaa mstari wa kwanza. Wagonjwa wengi hulitunza mpaka wanaposhika kitasa cha mlango, na hapo muda umekwisha, daktari ameshaandika dawa kwa kusikia nusu ya habari. Ukiona ulimi unakwama, mpe karatasi aisome mwenyewe. Hilo ni jambo la kawaida kabisa kliniki.

Kwa siku utakazosubiri, kila asubuhi andika saa uliyolala, saa uliyoamka, ulichokunywa, na hali ya moyo wako kwa alama kutoka 0 hadi 10. Siku 7 zinatosha, 14 ni bora. Andika asubuhi, usiandike usiku, maana kuangalia saa kitandani huongeza wasiwasi. Kazi ya daftari hili ni kwamba mtu mwenye huzuni hukumbuka siku zote kuwa mbaya, ilhali maandishi huonyesha kwamba Jumamosi ilikuwa 5 na Jumatatu 2, na daktari akauliza Jumatatu kuna nini.

Huenda ukapewa dodoso liitwalo PHQ-9. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla ya juu 27, na limetafsiriwa kwa Kiswahili. Kuanzia 10 kwenda juu mtaalamu huchunguza zaidi. 20 na kuendelea huashiria hali kali. Swali la 9 ni lile lile la kwako, kuhusu mawazo ya kwamba ni afadhali ungekuwa umekufa. Wengi huweka 0 hapo kwa aibu. Usifanye hivyo. Lakini pia usijipime nyumbani ukajipa jina la ugonjwa, kwa kuwa dodoso ni kichujio tu, na upungufu wa damu au msiba wa karibuni unaweza kupandisha alama.

Miadi ya kwanza kwa mtaalamu wa akili mara nyingi huchukua dakika 45 hadi 90, kwa daktari wa kawaida ni fupi zaidi. Utaulizwa usingizi, chakula, kazi, ndoa, utoto, pombe. Utaulizwa pia kama unasikia sauti wasizosikia wengine, au unahisi watu wanakufuatilia. Usishtuke ukadhani amekuona umechanganyikiwa. Huulizwa kila mtu. Swali moja lijibu kwa makini mno: je, umewahi kuwa na siku kadhaa mfululizo ambapo ulilala kidogo sana lakini ukajaa nguvu, maneno mengi, matumizi makubwa ya fedha, watu wakakushangaa? Hiyo inaweza kuwa dalili ya baipola, ugonjwa ambao mtu hupanda kwenye nguvu kupita kiasi kisha hushuka kwenye huzuni, na mwenye baipola akipewa dawa za sonona peke yake anaweza kuruka upande ule wa nguvu kupita kiasi. Wagonjwa hawalitaji kwa sababu siku hizo waliziona nzuri. Mkeo atakumbuka kuliko wewe, kwa hiyo nenda naye. Mpangilio mzuri ni uingie peke yako kwanza, yeye aitwe baadaye aeleze alichokiona, kisha amalizie hapo. Akikaa mwanzo mpaka mwisho, yapo utakayoyameza kwa kumwonea huruma.

Kuhusu kulazwa: walio wengi hutibiwa wakitokea nyumbani. Kulazwa bila hiari huachiwa hali ya hatari kubwa, na kusema unatamani usiamke, peke yake, kwa kawaida hakumfikishi mtu huko. Kuhusu siri: unayoyasema hayatoki, isipokuwa kukiwa na hatari ya maisha yako au ya mtu mwingine, mtoto anayedhulumiwa, au amri ya mahakama. Muulize mwanzoni kabisa, "Ni yapi utalazimika kumwambia mtu mwingine?" Kazini hawana sababu ya kujua jina la ugonjwa ili kukupa ruhusa, uliza cheti kitaandikwa nini kabla hakijaandikwa. Fomu za bima ndizo za kuangaliwa, maana mara nyingi hubeba jina au namba ya ugonjwa. Uliza nani anaziona, ndipo usaini.

Dawa unazoziogopa, za kulala mchana kutwa na kutoachika, zinafanana zaidi na ile diazepam unayoinywa tayari kuliko na dawa za sonona. Zinazoanziwa mara nyingi, kama fluoxetine na sertraline, si dawa za usingizi na hazimfanyi mtu azitamani. Tatizo lake ni mpangilio wa wakati. Kichefuchefu, kuumwa kichwa na kuhangaika huja wiki ya kwanza; nafuu huanza wiki ya 2 hadi ya 4, na hukamilika karibu wiki ya 6 hadi ya 8. Mtu hunywa siku tano, anaona maudhi matupu, anaacha, na kutangaza kwamba dawa hazifai. Mwingine anapata nafuu mwezi wa pili, anaacha, na ugonjwa unarudi. Kawaida huendelea kwa angalau miezi 6 baada ya kupona, kisha hupunguzwa taratibu, kwa sababu ukizikata ghafla huleta kizunguzungu na hisia kama ya umeme kichwani. Zinaweza pia kupunguza hamu ya tendo la ndoa au kuchelewesha kufika kileleni. Wanaume wengi huacha dawa kimya kimya kwa sababu hiyo, wakati daktari angeweza kubadilisha dozi au dawa. Hasira, kuhangaika kupita kiasi au mawazo ya kufa yakizidi katika wiki za mwanzo, rudi siku hiyo hiyo. Kwa walio chini ya miaka 25 hilo huangaliwa zaidi. Na zile dawa za maumivu, zitaje kwa majina: ibuprofen ikitumika pamoja na dawa hizi huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni, na tramadol ni hatari zaidi.

Sonona isiyo kali hutibika hata bila dawa. Tiba ya utambuzi na tabia, yaani mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea yanayokudhuru, mathalani, ni kikao kimoja kwa wiki cha dakika 50 hadi 60, mara nyingi vikao 8 hadi 20, na unapewa kazi ya kufanya nyumbani. Asiyefanya kazi za nyumbani kwa kawaida hupata faida ndogo zaidi.

Mama yako hajakosea kukuombea, na sala haigombani na matibabu. Mwambie tu akuombee ukiwa unatibiwa. Kinachodhuru ni kuambiwa uache dawa ili kuthibitisha imani.

Usitoke chumbani kwa daktari bila vitu vitatu vilivyoandikwa: jina la tatizo kama anavyoliona sasa, tarehe ya kurudi, na namba ya kupiga ukizidiwa kabla ya tarehe hiyo. Na mkishakutana mara tatu au nne ukajikuta bado unachuja maneno mbele yake, mwambie hivyo waziwazi. Pasipobadilika kitu, omba mwingine, na uombe nakala ya kumbukumbu zako za matibabu ili huyo wa pili asianze upya.